Blanketi la Mtoto wa Chelimo

Vijana wanaotaka kuandika hadithi hupita dukani kwangu hapa Kimulot kununua madaftari, kisha wananiuliza Tecla aliwezaje kuandika miaka yote hii. Mimi siandiki. Mimi Syprose nauza madaftari, unga na sabuni, na watu wa kwetu ziwani wananijua kwa mdomo, si kwa kalamu. Lakini wakiuliza nawaambia, kwa sababu kisa chenyewe nakijua, na kuna mahali kinanichoma.

Tecla ni mjane, hana mtoto, ana ng'ombe mmoja na majani chai kidogo nyuma ya nyumba. Asubuhi huchuna, na akishapeleka majani kwenye kituo cha kuuzia chai huketi mezani, anaomba, ndipo anaandika. Aliwahi kuniambia kwamba Mungu alimnyima watoto wa kulea akampa watu wa kusimulia. Nikamcheka.

Miaka sita iliyopita, Alhamisi moja, aliwasomea akina mama wa ushirika wa kanisa sura ya kwanza ya kitabu chake. Ilikuwa habari ya Chelimo, mjane wa Mulot, mwenye mtoto mchanga anayeumwa kifua. Kosa la Tecla lilikuwa moja tu: hakusema kwamba ni hadithi. Alidhani wanajua. Wapi! Alipoinua macho akina mama walikuwa wamepiga magoti. Waliomba mpaka wakalia. Wakachanga unga na sukari, na mwenyekiti wao, mama Drusilla, akanunua kwangu blanketi la mtoto, la manjano, akalipeleka Mulot mwenyewe. Siku nzima alizunguka sokoni kati ya mbuzi na magunia ya mahindi akimuulizia Chelimo, huku mvua inamnyeshea. Watu wa Mulot wakamcheka.

Alirudi akiwa moto. Alisema mbele ya kanisa zima kwamba uongo ni uongo hata ukiandikwa kwa mwandiko mzuri, na Tecla achague: kalamu au ushirika. Tecla alisimama akaomba msamaha kwa ile safari na ile mvua. Kwa kumtunga Chelimo hakuomba. Tangu hapo akawa anakaa benchi la nyuma peke yake, na Alhamisi zake zikawa za ng'ombe na daftari.

Upweke wake niliuona kwa macho. Alikuwa akija kununua chumvi na ile ya juzi haijaisha, ili tu azungumze. Siku moja akaniachia daftari kwenye kaunta, nisome nikipata nafasi, hata ukurasa mmoja. Maskini ya Mungu, nililisoma lote siku hiyo hiyo, wateja wakisubiri. Mtoto wa Chelimo alikufa, na mama yake akamfunika kwa leso aliyojifunga kiunoni kwa kuwa hakuwa na blanketi. Nililia hadi nikampimia mtu sukari alipotaka unga.

Tecla aliporudi nikamwambia sijapata nafasi. Kwa nini? Kwa sababu wateja wangu ndio hao akina mama wa Drusilla, na mimi hapa ni mtu wa kuja. Woga, basi. Alifuta vumbi la unga kwenye daftari kwa kiganja, akasema haidhuru. Hakuniachia lingine. Hiyo ni miaka minne sasa.

Lakini madaftari aliendelea kununua. Hilo ndilo nawaambia vijana wanapolalamika kwamba hawana wasomaji: Tecla aliandika miaka yote hiyo bila hata mtu mmoja wa kumuuliza, "Halafu ikawaje?"

Mwezi uliopita Tecla alikuwa kwenye kaunta mama Drusilla alipoingia na mfuko. Nikajua leo kuna vita. Drusilla akatoa lile blanketi la manjano, bado lina mikunjo ya dukani.

"Nimeshindwa kumpa mtu mwingine," akasema. "Ni la mtoto wa Chelimo. Najua hayupo, Tecla, lakini kila nikipiga magoti namtaja. Miaka sita. Sasa niambie, alipona?"

Tecla alishika kaunta kwa mikono miwili. Kisha akalivuta blanketi kwake.

"Bado anaumwa, mama. Njoo Alhamisi nikusomee."

Drusilla alipoondoka, Tecla akaomba daftari jipya. Mdomo wangu huu, haki ya Mungu, ukaniponza.

"Lakini si mtoto ulishamzika?"

Akanitazama. Blanketi alikuwa amelikumbatia.

"Kumbe ulisoma," akasema.

Nikakubali. Nikamwambia kwamba nililia, na kwamba niliogopa. Hakunigombeza, na angenigombeza ingekuwa afadhali. Alisema tu kwamba miaka minne alidhani hana msomaji hata mmoja. Kisha akachukua daftari lake akaenda zake.

Alhamisi nilifunga duka saa saba, nikaenda kubisha hodi kwake, nami nisomewe.