Dresa Masinde na Mikono ya Ngendo

Kefa Masinde alikuja kwetu mwaka wa hamsini na tano, dresa, yaani mtibu msaidizi, wa zahanati ya kijiji kimoja cha dharura upande wa Kiganjo, tulikohamishiwa kwa nguvu tusiwalishe wapiganaji wa msituni. Alitoka Bungoma na Kigikuyu hakukijua hata cha salamu, ndiyo maana mimi Wakonyo nilitolewa kwenye kazi ya kuchimba handaki la kuzunguka kijiji nikawa mkalimani wake. Nilimshukuru Mungu, lakini Masinde alinichosha. Mtu mwenye kipele kimoja alimchukua dakika kumi! Hakugusa kabla ya kutazama. Alimtoa mgonjwa kwenye giza la kibanda, akamsimamisha mlangoni penye mwanga, akatazama mkono huu na huu, kisha mahali nguo inapoishia. Ndipo alipoweka mgongo wa kiganja chake kupima joto. Nilimwita Bwana Polepole, wala hakukasirika.

Siku moja tu alifanya haraka. Foleni ilikuwa ya watu sitini, saa ya kufungiwa ndani ilikaribia, na Ngendo, mjane wa nyumba ya tatu kutoka langoni, alinyoosha vidole akasema vinawasha. Masinde akampa mafuta ya salfa, akaandika kitabuni: upele. Hata mlangoni hakumpeleka.

Wiki tatu baadaye Kingori, hedimani wetu aliyewekwa na serikali, alimleta Ngendo akisukumwa na homgadi wawili, askari wake wa kijiji. Migongo ya mikono yake ilikuwa myeusi, inabambuka, na shingo ilizungukwa na ukanda wa weusi huohuo.

"Huyu anapikia watu wa msitu," Kingori alisema. "Hii ni moto ya sufuria kubwa. Wewe mwenyewe uliandika upele tu, kwa hivyo hii amechomeka juzi. Andika ni moto, weka sahihi. Lori inangoja."

Lori lilikuwa la kizuizini, na Ngendo alikuwa na watoto watatu. Nilimchukia Kingori siku ile, na sijaacha.

Masinde akamsogeza Ngendo mlangoni. Mikono yote miwili ilifanana, weusi ukikoma sawasawa pale mikono ya gauni ilipoanzia. Akamwomba afungue kifungo cha juu: chini ya kola ngozi ilikuwa safi. Ulimi ulikuwa mwekundu, umechubuka. Akauliza anakula nini. Uji wa mahindi asubuhi, ugali jioni, tangu tulipohamishwa. Na tumbo? Linaendesha.

"Hedimani," Masinde akasema, "hata shingo aliweka ndani ya sufuria?"

Kingori hakucheka. "Na ile uliandika? Ama kitabu ya serikali inadanganya?"

Hapo nilijua amembana. Kukiri kosa katika kitabu kile kulikuwa kuchezea kazi, na huko Bungoma mke na watoto walikula kwa mshahara ule. Masinde aliitazama tena mikono ya Ngendo, mmoja mmoja, hata nikatamani kumzaba kofi. Kisha akafungua kitabu, akapiga mstari juu ya neno lake, akaandika huku akisoma kwa sauti: "Nilikosea. Sikutazama vizuri. Si upele, si moto. Ni ugonjwa wa kula mahindi matupu."

Akatoka nje, akawaambia wanawake wa foleni wanyooshe mikono. Saba walikuwa na weusi uleule.

"Hata hawa wanapika msitu?" akamuuliza Kingori. "Lori itawatosha?"

Masinde aliulipia mstari ule. Kabla mwezi haujaisha alishushwa cheo akahamishwa, na sikumwona tena. Lakini asubuhi ile, lori lilipoondoka bila Ngendo, alifurahi waziwazi, akaketi kumpa maagizo ya dawa.

"Mwambie akule maharagwe, mayai, maziwa. Na nyama akipata."

Nikatafsiri. Ngendo akatazama ng'ambo ya handaki, liliko shamba lake tulilokatazwa kulikanyaga, akaniuliza vitatoka wapi. Masinde alikuwa ameinua uso, akingoja jibu.

"Anasema asante," nikamwambia.