Aliyetaka Cherehani ya Marehemu Baba

Wezi wa enzi za vita nawajua wa kila aina, na ninaowadharau kupita wote ni wale wa simu. Wa bunduki barabarani angalau unamwona sura. Hawa walijibanza kwenye kabini za simu wakisikiliza nani amepotelewa na nani, kisha wakawapigia wazee wetu wa Yoba, mtaa wetu wa Gitega: "Bibi, ni mi, mjukuu wako." Jirani yetu, bikizee wa watu, alitoa baiskeli ya mumewe ikapelekwa Muyinga kwa mjukuu ambaye muda wote alikuwa Bujumbura, anakula na kulala. Mijitu ovyo kabisa!

Siku walipompigia mama yangu, nilikuwa naye. Muuza duka mwenye simu alikuja mbio kutuita. Mdogo wangu alikuwa amekimbilia Tanzania vita vilipoanza, na miaka minane hatukuwa tumesikia lolote. Mama akaishika simu kwa mikono miwili.

"Ni we, kitinda mimba wangu? Na ule mguu ulipona?"

Basi, kazi yote keshamfanyia mwizi!

"Ulipona, mama. Ni mi kitinda mimba wako. Nimesharudi, kazi iko huku Gasorwe, Muyinga, ila cherehani sina. Nitumie ile ya baba, nitaipokea sokoni Jumatano."

Cherehani ile ndiyo iliyotulisha. Tangu baba afariki, mama alikuwa anashona kanzu za mtaa mzima, na hakuna asiyeijua.

Nikampokonya simu. Nyumbani kwetu hakuna mtoto aliyeanza safari bila kumsomea mama Ayatul Kursiyyu, ile aya ndefu ya Kurani. Nikamwambia yule bwana, "Haya, mtoto wa mama, isome tusikie." Mara simu ikakatwa. Nilicheka mpaka muuza duka naye akacheka.

Mama hakucheka.

"Mdogo wako hajawahi kuimaliza," akasema. "Kila safari alikuwa anaishia katikati, na mi najifanya sisikii. Kama ni yeye, umemtia haya bure."

Lo! Mjanja mimi, na hilo sikulijua.

Jumatano nikadandia kamio, lori la mizigo, hadi Muyinga, nikashika njia ya Gasorwe kwa miguu, mikono mitupu. Nilikuwa na hasira, na nakiri, nilikuwa na matumaini ya kijinga pia. Sokoni nikauliza nani anasubiri cherehani kutoka Gitega. Likajitokeza libaba la makamo, meno yote nje.

"Umeileta?" Hata salamu halina.

Nililiporomoshea matusi ambayo siyaandiki hapa. Watu wakageuka, nalo likapotelea kwa wauza maharage.

Nilifika nyumbani kesho yake. Mama alikuwa amekaa mlangoni, cherehani keshaifunga ndani ya gunia, tayari kwa safari. Nikamweleza kila kitu: si yeye, ni tapeli, tena mtu mzima kunipita. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ulimtazama vizuri usoni?" akaniuliza. "Miaka minane, mwanangu, mtu anabadilika."