Bwana Kijani na Lalamiko la Mkewe

Ofisini walimwita Bwana Kijani, na jina alilipenda. Alikuwa msimamizi wa huduma katika kampuni iliyotunza kompyuta za hospitali, na kwenye skrini kubwa ukutani kwake kila lalamiko lililofungwa ndani ya muda wa mkataba liling'aa kijani. Jekundu halikuwepo hata la dawa.

Uhodari? Thubutu! Mkataba ulitaka kila lalamiko lijibiwe ndani ya saa moja, basi akaipangia mashine ijibu yenyewe, "Tumelipokea, linashughulikiwa," kisha ilifunge. Kama printa imekufa, shauri yake.

Balaa ni kwamba mkewe alikuwa karani wa mapokezi katika hospitali hiyohiyo. Printa ya mapokezi ilikuwa imekufa, na wiki nzima aliandika kadi za wagonjwa kwa mkono, wagonjwa wakimfokea, naye akilalamika na kujibiwa kwa adabu zote. Siku moja kabla ya kikao cha kuamua kama mkataba utaongezwa, Bwana Kijani alirudi nyumbani tumbo likinguruma.

"Mama watoto, chakula?"

"Ombi lako limepokelewa, linashughulikiwa."

Akaketi, akasubiri. Jikoni hakukuwa na sauti ila bomba likidondosha maji. Akaita tena.

"Lile limeshafungwa, baba," mkewe akasema bila kuinua macho. "Leta jipya."

Watoto walicheka hadi wakashika mbavu. Naye alijikaza akacheka, lakini aibu ilimwingia hasa, na usiku ule alilalia mkate mkavu.

Asubuhi aliwahi ofisini, akaibadili kanuni: lalamiko lisifungwe mpaka mlalamikaji mwenyewe aseme limekwisha. Yote aliyoyafunga kijanja yakafunguka, ukuta ukawa mwekundu pyu. Kisha akakimbilia mapokezi kuitengeneza printa kwa mikono yake.

Kikao kilifanyika ofisini kwake, na mganga mkuu wa hospitali aliukagua ule wekundu toka juu hadi chini. Mkataba ukikatika, Bwana Kijani na mafundi wake wote hawana kazi.

"Siku zote unatuonyesha bustani," mganga mkuu akasema. "Leo ndiyo kwanza naiona hospitali yangu. Nitasaini, ila wa muda mfupi. Ukirudia ujanja wako, tusijuane."

Alifika nyumbani anapiga mluzi. Chakula kilikuwa mezani, cha moto.

"La printa nimelifunga," mkewe akasema, akimpakulia. "La bomba la jikoni lingali wazi, tangu mwaka juzi."

Bwana Kijani akameza tonge moja, akaenda kutafuta spana.