Levina na Vitabu Visivyofika Mezani

Levina alistaafu kazi ya reli, lakini macho yake hayakustaafu. Kwa miaka ishirini na minane alikuwa mkaguzi wa tiketi kati ya Tabora na Kigoma, akipita behewa kwa behewa huku treni ikiyumba, na huko alijifunza jambo ambalo halikumtoka tena: asiye na tiketi hukutazama usoni kabla hujamfikia, mwenye nayo hutazama dirishani. Alipohamia nyumba yake ya Ipuli, mtaa wetu wa Tabora, aliwapima majirani kwa kipimo hicho hicho. Muuza mkaa alikuwa anamtazama sana. Fundi wa paa vilevile. Hata katekista, alisema, ana namna yake ya kugeuza shingo.

Labda si yeye peke yake. Mji wetu ulikua juu ya njia ya misafara, mahali ambapo kila mzigo uliofika ulifunguliwa kabla mwenyewe hajapewa maji. Kitu cha namna hiyo hakiishi kwa sababu tu misafara imekwisha. Kinabaki katika jinsi tunavyojibu hodi.

Kila Jumamosi saa kumi tulikutana barazani kwa Hetvi, mkamwana wa mzee Popatlal mwenye duka la vitambaa. Tulikuwa watu saba, na utaratibu wetu ulikuwa mmoja. Unaweka mezani kitabu unachokisoma, unataja ukurasa uliofikia, halafu unasema kwa nini mwingine naye akisome. Anayekitaka anaandikwa na Hetvi nyuma ya kalenda ya duka, na ukimaliza unampelekea. Hatukuwa na mwenyekiti, ila Levina alikaa kwenye kiti cha mwisho, karibu na ngazi, na hapakuwa na aliyepita bila kuulizwa.

"Ukurasa wa ngapi, mwalimu?"

"Wa sitini," alijibu Amon, mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa la Moravian.

"Wiki iliyopita ulikuwa wa hamsini na nane. Umesoma karatasi moja siku saba?"

"Nilikuwa na msiba, mama."

"Msiba ulikuwa Jumatatu."

Tulicheka, Amon akacheka nasi, na Levina akageukia mwingine. Yeye mwenyewe hakuulizwa. Alitaja ukurasa wake upesi kama anayetaja kituo ambacho treni haisimami, na sisi tulishukuru kwamba zamu yetu imepita.

Kasimiri alianza kuja mwezi wa sita. Alikuwa mfuga nyuki wa Kwihara, kijiji cha nje ya mji, mrefu, mikono imejaa makovu madogo ya miiba, na kila Jumamosi alileta asali mjini kwa baiskeli. Hetvi alikuwa mteja wake. Siku moja alitukuta tunazungumza, akasimama kando akisikiliza, na zamu ilipokwisha akaomba aseme na yeye.

"Mimi nimefika ukurasa wa mia moja na kumi na mbili," alisema.

Akatusimulia habari ya mwanamke aliyeuza cherehani yake na kupanda basi kumfuata kaka yake aliyepotelea machimboni. Alieleza jinsi mwanamke yule alivyokaa na viatu mapajani ili visiibwe, jinsi alivyofika kwenye nyumba aliyoelekezwa, akagonga, pakawa kimya. "Akasukuma mlango," alisema Kasimiri, "na ndani akaona." Kisha akatutazama mmoja mmoja.

"Akaona nini?" aliuliza Hetvi.

"Ndipo nilipofika."

Watu watano tuliandikwa kwenye kalenda jioni ile. Hetvi alitaka jina la kitabu ili amwagize binamu yake Nishant akitafute Dar es Salaam. Kasimiri alisema jalada lilikuwa limetoka.

Jumamosi iliyofuata alikuja na kitabu kingine, cha daktari aliyetumwa kijiji alichozaliwa akakuta hakuna anayemkumbuka. Ukurasa wa sitini na nne. Iliyofuata, kingine tena, ugomvi wa mashemeji wawili juu ya ng'ombe wa mahari, ukurasa wa ishirini. Vitabu vyote vilikuwa vizuri, vyote vilikatika pabaya, na hakuna hata kimoja kilichofika mezani. Na kila alipomaliza, alitutazama usoni.

Hilo la kututazama ndilo lililomkosesha Levina amani. Kwanza alidhani mzee hajui kusoma. Akamnyooshea gazeti amsomee matangazo, akidai amesahau miwani yake, na Kasimiri akasoma safu nzima bila kukwama. Kisha akadhani anatunga. Lakini mtu anayetunga, alituambia, hakosi mwisho. Mwisho ndio raha yake. Likabaki la tatu, na hilo alilikuta kwa kumfuata Kasimiri kwa macho sokoni: mzee alikuwa anapeleka asali kwenye nyumba ya mapadre, ambako kuna chumba kizima cha vitabu, na alikuwa anaingilia mlango wa jikoni.

Alituhesabia hayo kwa sauti ya chini kabla Kasimiri hajafika. Nakiri kwamba tulimsikiliza. Hetvi alisema hapana, kisha akasema, "Lakini Nishant amezunguka maduka yote akiulizia kitabu cha mwenye cherehani." Amon aliangalia viatu vyake. Shaka ni nyepesi kubeba mkiwa wengi.

Kasimiri alipofika, akaegemeza baiskeli na kuamkia, Levina hakungoja zamu.

"Mzee Kasimiri, leo uko ukurasa wa ngapi?"

"Wa mia mbili na sita, mama."

"Kitabu kiko wapi?"

"Kiko nyumbani."

"Kila kitabu kiko nyumbani. Hiyo nyumba ni maktaba?" Akasimama. "Padre anajua kwamba vitabu vyake vinatoka kupitia jikoni?"

Kasimiri alimtazama kwa muda mrefu, si kwa hasira, kama mtu anayesubiri aambiwe kwamba ule ni utani. Halafu akaenda kwenye baiskeli, akafungua mfuko wa kitenge uliofungwa kwenye kiti, akarudi na kopo bapa la biskuti. Akaliweka mezani, mahali pa vitabu, na kulifungua.

Ndani mlikuwa na karatasi moja moja, zimenyooshwa vizuri, zina madoa ya mafuta na mikunjo ya mviringo. Niliijua mikunjo ile. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, akina mama wanaouza karanga stesheni wanazifunga kwenye karatasi za vitabu vikuukuu, wakizisokota kama pembe.

"Huyu hapa mwenye cherehani," alisema, akaitoa ya juu. "Mia moja na kumi na moja, nyuma yake mia moja na kumi na mbili. Nimenunua karanga za yule mama aliyenifungia mwezi mzima, kurasa nyingine za kitabu hiki sikuziona. Nikaona ninyi hapa mna vitabu, ni wasomi, mnataja mlipofika. Nikasema nitaje na mimi nilipofika. Nikadhani kuna mmoja atasema, aa, hicho nimekisoma, aliona hivi na hivi."

"Ungesema tu," alisema Hetvi taratibu.

"Nilisema. Nilisema nimefika hapo. Zaidi ya hapo sikuwa na karatasi."

Akazikusanya moja moja, akizipangusa kwa kiganja, akafunga kopo. Asali ya Hetvi aliiacha ngazini, akaondoka. Levina alikuwa bado amesimama.

Jumamosi mbili zilipita bila Kasimiri. Tuliweka vitabu mezani, vyote na majalada yake, tukataja kurasa, na hakuna aliyeandikwa kwenye kalenda. Levina hakumuuliza mtu kitu. Jumamosi ya tatu Levina mwenyewe hakuja kabisa, na kesho yake Hetvi alinipigia simu kwamba mama ameazima baiskeli ya mpangaji wake na kushika njia ya Kwihara. Tulifuata, Hetvi na mimi, kwa bajaji, tukiwa hatujui tunakwenda kufanya nini.

Tulimkuta kwenye uwanja wa Kasimiri, juani, amesimama kama mtu aliyezuiwa getini. Kasimiri alikuwa ameketi kwenye gogo la mzinga mpya, magome yamezagaa miguuni. Alitujibu salamu yetu ya *mwangaluka* bila kuinua uso. Mkononi alikuwa na kitabu cha Levina, kile alichotaja mezani tangu mwezi wa tano, ambacho alituambia amekimaliza na kwamba asiyekisoma amekula hasara.

"Nimekuletea," alikuwa anasema Levina. "Si cha cherehani. Ni kingine, lakini kizima. Kikae kwako."

"Kizima?"

"Kizima, kaka. Na jalada lake."

Kasimiri alilowesha kidole, akaanza kukipekua, karatasi kwa karatasi, midomo ikihesabu bila sauti. Sijawahi kumwona mtu anayekaguliwa akitazama mahali pengi hivyo: mizinga, mlango, magurudumu ya bajaji, sisi.

Kidole kikasimama.

"Themanini na nane," alisema Kasimiri. Akafunua. "Tisini na moja." Akarudi nyuma, akafunua tena, akainua kitabu kwenye mwanga tuone ncha iliyobaki penye uzi, karatasi imechanika zamani sana. "Hapa mwenye duka anaulizwa nani amewasha moto. Hapa wamekwisha kumzika. Ulipitaje, mama?"

Levina aliwatazama nyuki wakiingia na kutoka kwenye mzinga uliokuwa juu ya mti.

"Sikufika," alisema.

"Ulisema umekimaliza. Nilikusikia mwenyewe, ulikisifu sana."

"Niliishia ishirini na kitu. Nilikuwa nawatazama nyie."

Hetvi aligeuka upande, mabega yakimtikisika, sikujua kama anacheka au analia. Kasimiri alikiweka kitabu gotini, akakifuta vumbi la magome.

"Sasa Jumamosi utawaambia mwenyewe, au niseme mimi?"

"Nitasema mimi."

"Utasema ukurasa wa ngapi?"

Levina alifikiri, kwa uaminifu, nadhani, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni akijua hakimo.

"Wa ishirini na tatu," alisema. "Nne. Hapana. Tatu."

Kasimiri alimsogezea gogo. "Kaa basi usome, jua bado liko juu," alisema, akampa kitabu. "Ukifika themanini na nane uniite."