Ngoma Kubwa na Skonsi za Korogwe

Alhamisi zetu zilinuka siagi ya kopo iliyoanza kuchacha. Harufu hiyo ilitupokea mlangoni mwa banda la mapishi, imechanganyika na moshi wa kuni mbichi na mvuke wa pasi ya mkaa, na hadi leo nikiisikia mahali popote nakunja uso kabla sijajua kwa nini. Banda lilikuwa nyuma ya madarasa, katika shule ya kati iliyokuwa kando ya barabara ya kutoka Handeni kwenda Korogwe, enzi hizo Mwingereza bado ametukalia. Wasichana tulikuwa wachache. Wavulana walipotoka kwenda uwanjani kwa mazoezi ya bendi, sisi tulifunga aproni tukaenda kufundishwa maarifa ya nyumbani. Nyumbani kwa nani, sikupata kuambiwa. Kwetu tulikula bada, ule ugali wetu wa muhogo, kwa mlenda, tumezunguka sinia moja, na mkono uliooshwa vizuri ulitosha kwa kila kitu. Bandani tulijifunza kwamba uma unakaa kushoto na kisu kulia, tukaoka skonsi, vile vimkate vya Kizungu vya chai, ndani ya debe lenye makaa juu na chini, kwa unga wa ngano uliotoka duka la Mhindi mjini. Skonsi zenyewe tulizionja kidogo tu, kisha zikapelekwa kwa walimu.

Mwalimu wetu alikuwa Mwalimu Rebeka, mwanamke wa Kisambaa aliyeshuka kutoka milimani na viatu vilivyong'aa hata wakati wa vumbi la kiangazi. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini kabisa kwamba anatuokoa. Skonsi ikiungua aliinyanyua kwa vidole viwili, akaizungusha mbele ya darasa zima, akauliza, "Zuhura, karani gani atakuoa kwa jiwe hili?" Wenzangu walicheka, nami nilicheka ili nisionekane nina kiburi, lakini moyoni nilikuwa nachemka. Sikutaka karani. Nilitaka ngoma kubwa ya bendi, ile iliyovaliwa kifuani kwa mikanda ya ngozi na kupigwa kwa marungu mawili yenye vichwa vya kitambaa. Niliitaka hata kula kukawa kazi.

Uchungu wenyewe ni kwamba sare za bendi hiyo tulizishona sisi. Tulikata kaptula nyeupe, tukatia mishipi myekundu, tukazipiga pasi mpaka zikasimama zenyewe, huku dirishani tukimsikia Semkiwa akiiharibu ngoma kubwa. Semkiwa alikuwa mvulana mwenye kifua kipana, na ni kwa kifua hicho alichaguliwa. Alipiga kama anayetwanga, filimbi zikaenda kulia na ngoma ikaenda kushoto. Mimi nilikuwa na mkono, na sijisifu, niliambiwa na mwenye kujua. Shangazi yangu Mwanaidi ndiye aliyekuwa mpigaji katika ngoma za wanawali kijijini kwetu, na mwaka uliotangulia, nilipochezwa unyago mimi mwenyewe, alinikalisha ndani akanifundisha mapigo yote. Alinishika viganja akasema, "Huu mkono umetoka kwangu." Kwa hiyo Semkiwa alipokosea uwanjani, mimi nilisahihisha bandani kwa mwiko, juu ya meza ya Mwalimu Rebeka, mpaka vikombe vikagongana nikafukuzwa nikasugue masufuria.

Halafu Semkiwa akaota jipu kwapani. Namwomba radhi Mungu, lakini nililipenda lile jipu. Mkono haukunyanyuka, na siku ya mashindano ya bendi za shule huko Korogwe ilikuwa inakaribia. Mwalimu wa bendi, Mwalimu Mhando, askari wa zamani wa keya, jeshi la Mwingereza, aliyetembea kama bado yuko gwaride, alikuwa amenisikia nikipiga ule mwiko. Alhamisi moja alisimama mlangoni mwa banda, kofia mkononi.

"Mwalimu Rebeka, naomba uniazime huyu binti."

"Huyu? Huyu ana unga mikononi."

"Unga si unaoshwa, mwalimu."

"Na skonsi zake?"

"Za kwake si huwa zinaungua?" alisema Mwalimu Mhando, na kwa mara ya kwanza darasa lilicheka nikafurahi.

Siwezi kueleza vizuri jinsi ilivyokuwa kuivaa ile ngoma. Ilikuwa nzito, mikanda ilinikata mabega, na ili nione mbele ilinibidi niinue kidevu. Lakini nilipopiga, nilisikia mlio ukiingia kifuani na kushuka hadi kwenye nyayo, na zile filimbi zote zilizokuwa zikitangatanga zikarudi zikajipanga nyuma yangu. Wavulana walioanza kwa kuguna walinyoosha migongo wakanifuata. Mwalimu Mhando alitembea pembeni akihesabu kwa kichwa, kisha akaacha kuhesabu. Mwisho wa mazoezi alitangaza mbele ya wote kwamba Korogwe ngoma kubwa ataibeba Zuhura. Nilirudi nyumbani nikikimbia, na usiku nilipiga mapigo kwa vidole juu ya magoti yangu, chini ya shuka.

Alhamisi iliyofuata tulipiga vizuri mno, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mwalimu Mhando alifurahi, akatuambia tupumzike, akanigeukia. "Zuhura, hebu tupe kitu cha kuchangamsha miguu." Sikufikiri. Mikono ilikuwa na raha, ikachukua pigo iliyolijua kuliko yote: lile la kumtoa mwali nje. Linaanza polepole, linapanda, kisha kuna mahali ngoma inanyamaza kabisa, watu wanashika pumzi, ndipo linaanguka tena kwa nguvu. Wavulana waliruka. Mwalimu Mhando, ambaye kama wanaume wote hakujua lolote, alidaka filimbi akaingia nalo. Wakati huohuo wanawake wa kwetu walikuwa wakipita barabarani na mizigo ya muhogo, wakienda gulioni. Walisimama wote kwa pamoja. Mmoja akapiga kigelegele kwa mazoea, katikati akakumbuka, akajiziba mdomo kwa kiganja. Ndipo na mimi nilipojua nilichokuwa nikipiga. Pigo lile haliruhusiwi kusikiwa na mwanamume, na hapo lilikuwa katikati ya uwanja, mchana kweupe, likipulizwa na askari wa keya.

Kesho yake shangazi alikuja shuleni amejifunga kanga mbili, uso umekunjamana. Nilimwamkia shikamoo, akaiitikia kwa pua. Mwalimu Mhando alijaribu kueleza kwamba ni muziki tu, mama, ni mazoezi. Shangazi hakumtazama. Alizungumza na Mwalimu Rebeka, mwanamke kwa mwanamke. "Mwalimu, mtoto huyu ametutoa nje. Asiguse ngoma tena." Mwalimu Rebeka, ambaye mambo yetu ya wanawali aliyaita ya gizani na kila wiki alituonya tuyaache, aliitikia kwa kichwa. "Mama, hata mimi nilisema tangu mwanzo. Ngoma si kazi ya msichana." Watu wawili hawa hawakuwa wamepata kukubaliana juu ya jambo lolote chini ya jua, si chakula, si dini, si nguo. Walikubaliana juu yangu, wakapeana mikono. Nililia kwa hasira, na Mwalimu Rebeka akadhani ni toba, akanipa leso.

Jipu la Semkiwa lilipasuka mapema kuliko nilivyoomba, akairudia ngoma yake. Siku ya mashindano tulipakiwa kwenye lori, bendi mbele, wasichana nyuma na masinia ya skonsi yaliyofunikwa kwa vitambaa. Uwanja wa Korogwe ulijaa. Wazungu walikaa jukwaani chini ya turubai, matajiri wa maduka wamewekewa viti pembeni yao, na watu wengine tukasimama juani. Shangazi na wanawake wenzake walikuja pia, wamesimama karibu na mahali nilipokuwa na sinia. Bendi yetu ilipita, ikapiga gwaride lake, ikawa si mbaya. Kisha walipogeuka mbele ya jukwaa, Semkiwa akaanza pigo la kumtoa mwali. Wavulana walilipenda, walilishika siku ileile, wakalifanyia mazoezi. Na alilipiga vibaya. Pale pa kunyamaza hakunyamaza, alipita juu yake kama gari linalopita juu ya shimo. Wazungu wakapiga makofi, bibi mmoja akasimama kabisa.

Nilimgeukia shangazi. Nilimngoja apige ukelele, aingie uwanjani, afanye lolote kati ya yale aliyonifanyia mimi. Alivuta kanga ikafunika nusu ya uso.

"Shangazi, husikii?"

"Nasikia."

"Mbona husemi?"

"Watoto wa kiume hao. Hawajui wanachokipiga."

Mimi nilijua, kwa hiyo mimi ndiye niliyeadhibiwa. Mwalimu Rebeka aliniita kwa kidole niwapelekee wageni skonsi. Niliwapelekea. Yule bibi wa Kizungu alichukua moja, akaitafuna, akasema nzuri sana, naye bado anatikisa mguu kwa pigo langu.

Mwaka jana nilialikwa kwenye sherehe ya shule, hapahapa Korogwe, kwa sababu mjukuu wangu wa kike yuko kwenye bendi. Wasichana ni wengi kuliko wavulana, na wavulana nao wanafundishwa mapishi, nilimwona mmoja akikanda chapati na hakuna aliyemcheka. Mjukuu wangu amevaa ngoma kubwa, anapiga kwa kidevu juu, na anapiga sawasawa. Walimu walinikalisha kiti cha mbele, wakanipa kipaza sauti, wakataka niseme kitu kuhusu tulikotoka. Nilisema wanachotaka wazee waseme: kwamba dunia imebadilika, kwamba tushukuru. Walipiga makofi. Nilikaa. Mjukuu alikuja akapiga magoti mbele yangu, jasho linamtiririka, akauliza, "Bibi, umefurahi?" Nikamwambia nimefurahi, na ni kweli. Lakini watu wakiniona nafuta macho walidhani ni furaha tupu, na nimechoka kudhaniwa. Sikutaka mjukuu wangu aje kupiga baada ya miaka yote hii. Nilitaka kupiga mimi, siku ile.