Ryoba atafuta ngoma isiyochelewa

Saa nne na nusu asubuhi. Ndani ya duka la Asli mjini Migori, katikati ya redio, pasi na majiko ya gesi, Ryoba Nyamohanga ameinamia duara jeusi la mpira lenye upana wa sahani ya wali. Analigonga kwa kijiti mara moja, anatulia. Analigonga tena. Hedfoni ameivaa sikio moja tu. La pili ameliacha wazi lisikie kijiti.

Wateja wanaingia na kutoka wakimtazama kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Yeye hana habari nao.

"Nataka kujua kama sauti inakuja pamoja na mkono," anasema bila kuinua kichwa. "Ikibaki nyuma, hata kidogo namna hii, siitaki. Hiyo kidogo ndiyo ilinitoa kazini."

Ni mara ya nne mwezi huu wa Novemba kuja kuzijaribu ngoma za umeme, na mara tatu zilizopita aliondoka mikono mitupu. Asli, mwenye duka, hamfukuzi. Mchagua nazi hupata koroma, wahenga walisema, lakini huyu alishakula koroma moja na bado inamkaa kooni.

Ryoba ana umri wa miaka thelathini na minne. Ni Mkuria, na kwa miaka saba alikuwa mpiga ngoma wa bendi ya Byron Omuga, inayotumbuiza kwenye harambee, harusi na matanga kuanzia Homa Bay hadi mpakani. Kwa shughuli moja alilipwa shilingi 2,500, na msimu ukichangamka alipata shughuli tatu kwa wiki. Ngoma zenyewe hazikuwa zake. Ni mali ya Byron, na hufungiwa Homa Bay, mbali na chumba ambacho Ryoba amepanga Migori pamoja na mkewe Emmaculate na binti yao Rael.

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Nyimbo mpya zilikuja kila mwezi na hakuwa na mahali pa kujifunzia. Chumba chao kimetenganishwa na cha jirani kwa ukuta usiofika darini, na jirani huyo ni mlinzi anayelala mchana. Ryoba alianza kwa kugonga godoro. Kisha akahamia kwenye mtungi wa maji uliofunikwa blanketi, hadi mlinzi akatoka nje na rungu.

Mwezi wa Machi alinunua ngoma ya bei ya chini kuliko zote zilizokuwapo dukani: mkeka wa mpira wenye vitufe vya kugonga, unaokunjwa kama jamvi. Alilipa shilingi 6,500. Akaongeza vidude vya masikioni visivyo na waya, kwa sababu waya, alisema, ungenaswa na vijiti.

"Nilifurahi kama mtoto," anakumbuka. "Nilipiga kila siku, masaa mawili. Jirani alikuwa analala, mimi napiga. Hata Emmaculate alikuwa anasikia tu tap tap."

Kitu kimoja kilimsumbua. Kila alipogonga, sauti ilifika masikioni ikiwa imechelewa, kidogo sana, kama mtu anayeitika baada ya kuitwa mara mbili. Mwanzoni alikereka, kisha akazoea. Mikono ilijifunza yenyewe kutangulia, ili sauti ifike wakati wimbo unaihitaji. Kwa miezi minne mikono ile ilifundishwa kuwahi, na mwenyewe hakujua.

Anayejua bendi za huku anajua pia pakruok, desturi ya Waluo ya kutoa sifa. Muziki ukiwa umekolea, mtu huinua mkono, wapigaji wakanyamaza, naye akajisifu au akamsifu ampendaye, kwa ukoo wake, kwa kwao, kwa mema yake. Jina huja mwisho. Jina hutoka mkono ukishuka, na mkono ukishafika chini, ngoma ndiyo inayofungua tena muziki. Mpiga ngoma hodari hujulikana hapo. Kugonga, kila mtu anaweza. Kazi ni kumwachia mtu amalize.

Ryoba hakijui Kidholuo vizuri. Kwa miaka saba alifuata mkono, na mkono haukumwangusha.

Jumamosi moja ya Julai walialikwa kwenye harambee ya kujenga kanisa huko Rangwe. Saa tisa alasiri, mwalimu mstaafu aitwaye Zedekia alisimama akiegemea mkongojo, akainua mkono. Muziki ukakatika. Mzee huyo hakuwa na mazoea ya kusimama mbele za watu. Miezi saba kabla ya siku hiyo alikuwa amemzika mkewe, na tangu mazishi hakuwa amesema neno juu yake hadharani. Aliongea polepole, kwa sauti ya chini. Akamsifu mwanamke aliyesomesha watoto wa watu kwa kuuza dagaa, aliyemvumilia yeye na ukali wake. Wanawake walianza kujifuta macho.

Mkono ukaanza kushuka. Mikono ya Ryoba, iliyozoea kuwahi, ikaanguka juu ya ngoma.

Jina halikusikika.

"Mimi nilijua nimepiga sawa," anasema. "Nikaona watu wananiangalia mimi, hawamwangalii mzee. Nikaona mzee anafungua mdomo, anafunga. Halafu akaketi. Hapo nikajua kuna kitu nimeua."

Jina hilo lilikuwa Peres nyar Kadem, binti wa Kadem. Ryoba aliambiwa baadaye, nyuma ya gari la vyombo, na Byron mwenyewe.

"Omera, ndugu yangu, ulimkata mzee maneno," Byron alimwambia. "Siku yote umekuwa mbele yetu. Hizi nyimbo zingine watu hawakusikia makosa, sawa. Lakini hilo jina lilisikika likikosa."

Kiongozi huyo wa bendi, tulipomfikia kwa simu, hakuwa na hasira. Alikuwa na kinanda. Alikinunua wiki mbili baada ya harambee ile, na ndani yake mna midundo ya kila aina, haidai nauli wala chakula.

"Ryoba ni rafiki yangu, sina kesi na yeye," alisema. "Kesi iko kwa mwalimu. Lakini pia lazima niseme ukweli, hii kinanda imenipunguzia gharama."

Ryoba aliulaumu mkeka wake uliochelewesha sauti, akauuza kwa shilingi elfu mbili, akashika njia ya Osiri kwenye machimbo ya dhahabu. Huko hubeba magunia ya mawe kutoka kwenye mdomo wa shimo hadi kwenye mashine ya kusagia, kwa shilingi 700 siku ikiwa nzuri. Siku ikiwa mbaya hupewa pole. Mwezi wa Agosti jiwe lilimwangukia mkono wa kushoto. Kidole cha pete kilipona kikiwa kimepinda, na asubuhi hakikunjiki mpaka akiloweke kwenye maji moto. Mikono anayoitafutia ngoma ndiyo inayoharibika akitafuta pesa za ngoma. Analijua hilo, na hana njia nyingine.

Amekusanya shilingi 34,000. Hapa kwa Asli seti yenye nyuso za wavu, zinazorudisha kijiti taratibu na hazipigi kelele, ni 52,000. Ya mpira mtupu ni 31,000, lakini mpira unagonga mkono kwa ukali, na kinyundo cha ngoma ya mguu kinatikisa sakafu. Mlinzi angetoka tena na rungu.

"Hii ya mpira haichelewi," Ryoba anakiri, akivua hedfoni. "Ule mkeka wangu ndio ulikuwa bure kabisa."

Asli anamtazama. "Kaka, ile mkeka ulikuwa unasikiliza na nini?"

"Na zile za kuweka kwa masikio. Si ni wewe uliniuzia?"

Mwanamke huyo anageuka nyuma. Anashusha kutoka rafuni mkeka kama ule wa Machi, anauchomekea hedfoni yenye waya ya shilingi 650, anamkabidhi kijiti. Ryoba anagonga. Anagonga tena, haraka, kisha polepole. Sauti na mkono vinafika pamoja.

Kisha Asli anachomoa waya na kumpa vidude visivyo na waya. Ryoba anagonga mara moja tu, sauti inabaki nyuma, anakiweka kijiti chini.

Duka zima linaendelea na shughuli zake. Mtu anauliza bei ya pasi. Ryoba amesimama akitazama waya ule kwenye kaunta, na uso wake umelegea. Inauma kumtazama.

"Mkeka haukuwa na makosa," anasema. "Ni waya tu. Mia sita na hamsini."

"Walahi mimi sikujua unafanya nayo kazi," Asli anasema kwa sauti ya chini. "Nilifikiri ni ya kuchezea na mtoto. Ungeniambia, ningekuambia."

Maji yakimwagika hayazoleki, na wote wawili wanalijua. Asli anaingia stoo, anarudi na seti ndogo iliyotumika. Ngoma moja tu, ile ya katikati, ina uso wa wavu, na nyingine zote ni za mpira. Toazi moja lina ufa. Kikanyagio cha mguu hakina kinyundo, unakibonyeza tu kama cherehani, kwa hiyo hakisikiki kwa jirani. Bei yake 36,000. Anaishusha mpaka 33,000 na kuongeza ile hedfoni ya waya bila malipo.

Ryoba anaijaribu kwa karibu saa nzima. Mguu hautajifunza nguvu kwa kikanyagio hicho, anasema, lakini mguu haukumkosea mtu. Kijiti kinarudi kwa upole kwenye wavu, na kidole kilichopinda kinastahimili. Analipa.

Alasiri, chumbani, ngoma imesimama kati ya kitanda na jiko. Emmaculate, aliyezaliwa Uriri na kulelewa kwa Kidholuo, amesimama mlangoni na leso kiunoni. Mumewe amevaa hedfoni sikio moja. Mama huyu anainua mkono na kuanza kumsifu mwanamke ambaye hajawahi kumwona, kwa maneno ya kwao, naye Ryoba anasikiliza. Leo mkewe amemwambia asitazame mkono. Asubiri jina.

Mara ya kwanza anawahi. Ya pili anawahi.

"Baba Rael, bado sijamaliza," mkewe anamwambia. "Ukisikia 'nyar', ujue jina la kwao bado linakuja. Ngojea."

Mwezi wa Septemba Ryoba alikwenda Rangwe na kilo mbili za sukari kumwomba mwalimu radhi. Mzee alimpa chai. Alimwambia hana kinyongo, ila maneno ya siku ile yalikwisha, na hajui kama atayapata tena. Kumbukumbu ya mwaka mmoja wa marehemu ni Jumamosi ya pili ya Desemba. Bendi ya Byron imeshaalikwa, na kinanda chake. Mwalimu alisema jambo moja zaidi alipokuwa akimsindikiza hadi barabarani: angependa siku hiyo apigiwe na mtu, kwa sababu mashine haimngoji mzee atafute pumzi.

Byron ameambiwa hayo. Hajasema ndiyo, hajasema hapana.

Ryoba amebakiwa na wiki tatu, siku sita za kila wiki akiwa Osiri. Jioni akirudi ataloweka kidole, atavuta kiti, na mkewe atainua mkono.

"Siombi nirudishiwe bendi," anasema. "Naomba wimbo mmoja tu, ule mzee atasimama. Nikikosea tena, hii ngoma namrudishia Asli, narudi shimoni, na sitamlaumu mtu."