Kipandio cha Juu Kabisa

Majani chai yakipondwa na mvua ya mawe hutoa harufu kali ya nyasi zilizochacha, na mpaka leo nikiinusa mimi hufunga madirisha. Miaka ya tisini, nikiwa msichana mdogo kwetu karibu na Kapkatet, mawe yaliangusha kila chipukizi shambani. Bila majani ya kubeba, lori la kiwanda liliacha kuja, na kwenye barabara yetu ya matope hilo ndilo gari pekee tulilolitegemea. Wiki hiyohiyo mdogo wangu Chelangat alishikwa na malaria. Alilala jikoni kando ya moto, macho yamegeuka, huku Mama akimkanda kwa maji na kuomba kwa sauti iliyokauka. Baba alikuwa ametoka alfajiri kutafuta trekta ya kuazima itufikishe hospitali, na hakuwa amerudi.

Ndipo Landrova ikaingia uani. Akashuka kijana mpole wa mjini, mkononi ana picha ya ngazi. Alizunguka akiuliza watu wanavyoyaona maisha yao: kipandio cha juu ni maisha bora kabisa, cha chini ni mabaya kupindukia. Mama alijifuta mikono, akatoka, akatabasamu. Kwetu Wakipsigis mgeni akisema "Chamgei", hujibiwa "Chamgei mising", yaani wazima sana, hata kama mambo yameharibika. Shida husemwa baada ya chai, na mgeni huyu alikataa chai kwa sababu ya haraka.

"Mimi niko hapa juu," Mama alisema.

"Na miaka ijayo?"

"Hapo hapo. Tuko sawa kabisa."

Nilitamani kupiga mayowe. Kijana alivuka ua hadi kwa jirani yetu Mama Atieno, mchumaji chai aliyetoka upande wa ziwa.

"Mimi niko chini kabisa," nilimsikia akijibu. "Lakini mwaka kesho utanipata huku juu. Na huyo jirani yangu anakuficha, kijana. Mtoto yake ni mgonjwa sana hapo ndani. Mpeleke hosipitali!"

Kijana alirudi mbio. Chelangat alifia garini, mapajani mwa Mama, hospitali ikiwa tayari inaonekana.

Siku hizi barabara yetu ina lami, na Mama amezeeka. Nikimpigia simu akalalamikia goti na bei ya sukari, ninalala vizuri. Akisema, "Tuko sawa kabisa," natafuta funguo za gari.